Kitufe cha Mama

Haya yote ni kweli tupu, kweli isiyotiwa maji wala kuongezwa chumvi. Msimulizi yuko tayari kula kiapo, mkono juu, hata kwa mguu mmoja akitakiwa. Asiyeamini aende akaione rimoti yenyewe. Ipo, nyeusi, imevalishwa mfuko wa nailoni isiingie vumbi.

Jumamosi asubuhi Bwana Stirio alikaa sakafuni katika chumba cha nyuma, rimoti zake za zamani zimemzunguka kama vifaranga. Alikuwa mkuu wa bohari mstaafu. Jina la Bwana Stirio alipewa na majirani kwa kejeli, naye akalipokea kama cheo. Mkononi alishika rimoti mpya, moja ya kuendesha mitambo yote, na alikuwa anaifundisha kazi.

Kuifundisha si jambo gumu. Unailaza uso kwa uso na rimoti ya zamani, unabonyeza, kitaa chekundu kinakonyeza, na mpya inashika somo. Kisha inauliza kwenye kioo chake kidogo: chombo hiki kiitweje? Hapo Bwana Stirio alikuwa kwenye fani yake. Mtu aliyezeekea bohari hawezi kulala ikiwa kitu hakina jina. Deki ya kaseti akaiandika DEKI. Mashine ya santuri akaiandika BABU, kwa ajili ya umri wake. Alipofika kwenye amplifaya, akakumbuka maneno ya fundi aliyeifunga: "Hii ndiyo mama wa mitambo, mzee. Waya zote zinarudi kwake. Yeye akinyamaza, wote wamenyamaza." Akaandika MAMA.

Mlango ulikuwa wazi. Upande wa pili, kwenye korido, mkewe alikuwa kwenye cherehani yake, maana ndiye aliyeshonea nusu ya mtaa. Nyumba nzima ilimwita Mama: watoto, mume, mashemeji, hata aliyeleta maji. Mbele yake alisimama jirani aliyeitwa Redio, kwa sababu habari za mtaa zilianzia kwake, na kwa bahati mbaya huyu hakuwa kwenye rimoti.

"Kiuno nitakipunguza kidogo," Mama alikuwa anasema, "maana naona ume—"

Chumbani Bwana Stirio alikuwa amebonyeza MAMA, kisha KIMYA, kujaribu tu.

Midomo ya Mama iliendelea mpaka mwisho wa sentensi, lakini sauti haikuwamo. Akafungua kinywa mara ya pili, kama mtu anayefungua bomba siku ya mgao. Hakuna. Akachukua mkasi akaendelea na kazi.

"Ndiyo, wewe punguza tu," alisema Redio, akaunganisha na habari ya shemeji yake aliyefukuzwa kazi. Aliongea mpaka gauni likaisha, akaaga, akasema wamepiga stori nzuri.

Jioni jambo lilikuwa limeshajulikana. Bwana Stirio alipoipandisha sauti ya amplifaya ili asikilize miziki yake ya zamani, Mama jikoni akasema, "Chumvi imeisha," na nyumba ya tatu wakasikia kwamba chumvi imeisha.

"Kumbe inafika mpaka jikoni," alisema Bwana Stirio, na akaridhika na ununuzi wake.

"Badilisha jina basi," alisema Mama, sauti ikiwa imeshushwa hadi tatu, ambayo ni kama ya mtu anayeongea akiwa kabatini. "Iite hata MASHINE."

"Nikigusa jina moja inafuta yote. Nianze upya Jumamosi nzima? Mama nawe! Vumilia, ni mambo ya teknolojia haya."

Alisoma kijitabu cha maelekezo. Hakikukataza. Basi ikawa desturi ya nyumba: tatu siku za kazi, nane wageni wanapobisha hodi ili "karibuni" isikike vizuri, na KIMYA wakati wa taarifa ya habari.

Mama angeweza kuishi na hayo. Mwanamke aliyeolewa zamani hukuta mengi ambayo tayari ameyazoea kwa jina lingine. Lakini alikuwa na jambo moja la kusema, na lilikuwa haliwezi kusubiri. Mama yake mzazi, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa ameletwa kuuguzwa miguu iliyovimba. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Cha kwanza cha wenyewe, cha pili cha mabinti, cha tatu cha stirio. Bibi akatandikiwa godoro kwenye korido nyuma ya cherehani, na kwa kuwa korido ilikuwa fupi kuliko godoro, godoro lilikunjwa mwishoni, na Bibi akakunjwa pamoja nalo. Kila aliyeingia alimgonga miguu kwa mlango. Daktari alikuwa amesema miguu ile inyooshwe, la sivyo haitamwinua tena.

"Mkwe, usinifikirie vibaya," Bwana Stirio alimwambia, amechuchumaa kwa adabu zote. "Spika zinahitaji nafasi ya kupumua. Ukizibana, besi inakufa."

"Sawa, baba," alisema Bibi. Yeye naye alikuwa anapumua, ila hakuwa na waranti ya dukani.

Siku moja Bwana Stirio aliwaalika wanaume wa mtaa waje wasikie besi. Akafungua madirisha, akapandisha hadi arobaini. Mama alikuwa uani anaanika nguo, akaona ndiyo nafasi yake. Akaweka beseni chini, akavuta pumzi, akasema kwa arobaini kamili: "Mama yangu anaoza miguu kwenye korido! Kile chumba nakitaka!"

Mabati yalitetemeka. Mtaa mzima ulisikia, neno kwa neno.

"Aisee," alisema mwanamume mmoja, akitikisa kichwa kwa heshima. "Mtambo safi. Hadi maneno unayapata."

"Ni mpangilio tu wa vitufe," alisema Bwana Stirio, akapunguza kidogo ule mlio mwembamba.

Ndipo Mama akaanza kuichunguza rimoti kwa macho ya fundi cherehani, ambaye hakati kitambaa kabla ya kukipima. Akagundua kwamba amri yake hutoka kwenye kijicho cha mbele na haipiti kitu kilicho kati. Akisimama nyuma ya pazia zito, haimpati. Nyuma ya mlango, haimpati. Nyuma ya sinia kubwa la bati, haimpati kabisa. Hapo anakuwa na sauti yake ya asili, ile aliyokuja nayo ujana wake.

Jumapili ukafanyika kikao cha familia. Alikuja shemeji mkubwa, kaka yake Bwana Stirio, ambaye hutoa uamuzi kisha husikiliza hoja. Alikuja na wifi, dada yao, aliyekaa karibu na sambusa. Mama akaingia amelikumbatia sinia kifuani, limeinuka mpaka kidevuni, vikombe akiwa amevitanguliza mezani.

Bwana Stirio alibonyeza KIMYA kwa mazoea. Amri ikagonga bati ikaanguka.

"Shemeji, wifi yangu," alisema Mama, na sauti ilikuwa nzito, tulivu, ambayo hapo sebuleni walikuwa wameisahau. "Miguu ya mama yangu ikikunjwa mwezi mwingine hatatembea tena. Mimi namtunza, mimi namlisha, sitaki msaada wa mtu. Nataka chumba kimoja. Mitambo inaweza kukaa hapa sebuleni. Haina miguu ya kuvimba."

Bwana Stirio alibonyeza tena na tena, akiinua mkono, akiushusha, akitafuta pembe.

"Anasema jambo la maana," alisema shemeji mkubwa, akikuna ndevu. "Lakini tua sinia, shemeji. Umesimama kama askari. Tua ukae, tuongee kama watu."

"Nitasimama tu, shemeji."

"Hebu lete hilo sinia nipange hizi sambusa," alisema wifi. "Zimerundikana, hazina adabu." Akanyoosha mikono yote miwili akalichukua, kwa upendo.

Mama alikuwa katikati ya neno "daktari". Walipata "dak".

Wakamsubiri kidogo, wakiwa na huruma, midomo yake ikienda. Kisha shemeji mkubwa akaegemea kiti. "Basi. Mwenyewe kanyamaza. Kunyamaza nako ni jibu. Mama ameridhia, mambo yabaki yalivyo." Wakampigia makofi kwa busara yake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wao hawakuwahi kukaa sebule hiyo, na mshindo uliosikika ni wa wifi kutafuna.

Usiku ule Mama alimkuta mumewe amesinzia mbele ya spika, kinywa wazi, anakoroma. Akaichukua rimoti, akailaza uso kwa uso na uso wake, akabonyeza. Kitaa kikakonyeza. Chombo hiki kiitweje? Akaandika BABA, kisha akabonyeza ZIMA. Asubuhi Bwana Stirio alikuwa amekaa kimya kama kabati, akihamishika kirahisi tu, na Bibi akalala kwenye chumba cha nyuma, miguu imenyooka, dirisha wazi.

Msimulizi alipoifikisha hadithi hapo, kwenye kibanda cha chai, watu walipiga meza kwa furaha. Ila Redio alikuwa amekaa kona na kikombe chake.

"Mzee, usituuzie mbuzi kwenye gunia," alisema. "Mimi nimetoka huko sasa hivi kuchukua gauni jingine. Nimemkanyaga Bibi mguu palepale kwenye korido, na Bwana Stirio yuko chumba cha nyuma anabadilisha santuri, mzima wa afya. Chumba gani hicho alichohamia Bibi?"

Kibanda kikaangua kicheko. Sheria ya pale inajulikana: anayekamatwa na uongo huwanywesha wote. Msimulizi akatoa pochi, akaagiza chai ya kila aliyekuwapo, na mandazi kwa walioudhika zaidi.

"Na Mama mwenyewe?" akauliza huku akilipa. "Amesemaje?"

"Yule hana neno," alisema Redio, akisogeza kikombe kijazwe. "Mtu mzuri sana. Tumeongea asubuhi nzima."