Babu Aliyeangukia Mstari wa Chini

Wivu ulimkaba Mwanakuu. Yeye na Beryl, mtengenezaji mwenzake, walishindania kazi ya kutengeneza ukurasa wa mtandao wa mafundi kofia wa Mji wa Kale. Kwenye kompyuta yake jedwali la majina ya mafundi lilikaa sawa. Kwenye kompyuta ya Mzee Aidarus, mkuu wa mafundi hao, yenye kivinjari kingine cha kufungulia kurasa, majina matatu ya kila fundi yalikatika: mtu na babake wakabaki juu, babu akaangukia mstari wa chini.

"Babu yangu umemtoa nje, mwanangu," mzee alimtania. "Kwa Beryl tumekaa sote."

Mwanakuu akachungulia maandishi ya ndani ya ukurasa wa Beryl. Kila nafasi baina ya majina ilifungwa kwa alama isiyokubali mstari uvunjwe hapo. Chini Beryl alikuwa ameandika: "Dada Mwanakuu, nilijua utakuja. Chukua tu."

Akaichukua alama ile. Hapo ndipo wivu ulipomuuma kweli.