Nambari Katika Koti la Remigius

Fundi Denis aliniambia kompyuta ya marehemu mume wangu imekufa. Alisema hivyohivyo, imekufa, kama vile neno hilo sijalisikia vya kutosha mwaka huu.

"Imekufaje? Jumatatu si iliwaka?"

"Umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu, ubao wa ndani ukaungua. Nusa mwenyewe, mama."

Sikunusa. Nilishanusa nyumbani, moshi ulipotoka kwenye vitufe. Ilikaa kabatini tangu Remigius afariki mwezi wa tatu, maana mimi na kompyuta wapi na wapi, na siku niliyojitia kuichomeka ndiyo siku umeme ulipoamua kucheza.

"Ila diski yake ni nzima," Denis akasema. "Nimeitoa nikaiunga kwenye mashine yangu. Shida ni kwamba haifunguki. Marehemu aliifunga kwa kufuli ya siri. Kila kitu kilichomo kimevurugwa, na ufunguo wa kukipanga tena ulikuwa kwenye ule ubao ulioungua."

"Si uvunje tu hiyo kufuli!"

Akacheka. Haki ya Mungu, nilitamani kumzaba kibao.

"Hii haivunjwi, mama. Labda uwe na nambari za akiba. Ziko arobaini na nane. Mtu akishafunga huzichapa kwenye karatasi, akaiweka mahali. Wengine kwenye pochi, wengine ndani ya Biblia. Katafute."

Arobaini na nane! Mimi hata nambari ya simu yangu naisoma kwenye kikaratasi.

Ilikuwa Alhamisi, na kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi. Ngoja nieleze nilivyokuwa nimebanwa. Naitwa Hilaria, naishi Kirua Vunjo, kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba mkwe wangu, mzee Kornel. Nimekaa pale miaka kumi na tisa. Migomba ya upande wa juu nimeipanda mimi, na Remigius amelala pale pale, chini ya migomba hiyo. Mzee Kornel alipougua ni mimi niliyemwogesha na kumlisha mtori kwa kijiko mpaka alipofariki, mwaka mmoja kabla ya mwanawe. Halafu tunamaliza kumzika Remigius, anakuja shemeji yangu Sirili kutoka Himo, anasema nyumba ya baba ni yake, kwa kuwa yeye ndiye mziwanda, na kwetu nyumba ya baba huenda kwa mziwanda. Mimi nina mabinti wawili tu, Monica na Justina. Nikitolewa pale nitawapeleka wapi?

Lakini Remigius aliwahi kuniambia: "Usiogope. Baba amesema neno lake, nimemrekodi, limo kwenye kompyuta. Nimelifunga watu wasilichezee." Nikashikilia hilo. Siku ya kuanua matanga, Sirili alipotaja nyumba, nikasimama mbele ya ukoo mzima nikamwita mwongo. Mwongo, nikasema, mtu aliyemtelekeza baba yake, sasa amekuja kumla marehemu. Sauti ya mzee ninayo! Mimi nikikasirika sijui kunyamaza. Mzee Primus, mkubwa wa ukoo, akasema: "Basi mama Monica, ilete hiyo sauti tuisikie. Usipoileta, tutafuata mila."

Nilipekua nyumba Alhamisi yote iliyobaki. Biblia, madaftari, chini ya godoro, ndani ya mabuti. Jioni nikakaa kwenye kigoda, ndipo nikakumbuka. Remigius alikuwa mpima ardhi. Karatasi zake zote alizifunga kwenye nailoni kwa sababu ya mvua, akaziweka mfuko wa ndani wa koti lake la kahawia. Siku moja alitia humo karatasi ndogo akaniambia, "Hii ikipotea tumekwisha." Nikadhani ni mambo ya ramani.

Na lile koti, jamani! Siku ya matanga nguo za marehemu ziligawiwa kama desturi. Koti la kahawia alipewa ndugu yake. Alipewa Sirili.

Sikulala vizuri. Ningemwendeaje mtu niliyemwita mwongo mbele ya watu, nimwombe koti? Angenifungulia mlango kweli? Na akijua kilichomo, si ataichoma moto? Asubuhi nikatoka uani, nikaangalia ua wa masale uliozunguka kaburi la Remigius, na wazo likanijia. Najua halikuwa wazo zuri. Kwetu ukimpelekea mtu jani la isale kumwomba msamaha, hawezi kukukataa, hata kama ulimuua ng'ombe wake. Hawezi. Nikachuma moja, nikalifunga fundo, nikaliviringisha ndani ya kanga. Sikuwa na msamaha wowote wa kuomba. Nilitaka karatasi yangu.

Sirili alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga pale Himo. Nilimkuta anaosha vyombo. Aliponiona akajikausha mikono polepole. Nikatoa isale, nikampa kwa mikono miwili. "Shemeji, nilikukosea kwa maneno yangu. Naomba unisamehe."

Alilitazama muda mrefu. Halafu akalipokea, na mdomo ukaanza kumcheza. Yule mwanamume alilia, mashine inanguruma ng'ambo ya ukuta, mimi nimesimama kama mti.

"Nimekusamehe, shemeji," akasema. "Na kesho nitawaambia wazee nimeacha maneno ya nyumba. Siwezi kupokea hili halafu nikaendelea kukudai."

Hapo ningepaswa kufurahi, si ndiyo? Ila sikumwamini. Nikajiambia, anasema leo, kesho atageuka, na mimi sina kitu mkononi. Nikamwomba niangalie mfuko wa lile koti.

"Kuna karatasi ya Remigius," nikasema. "Ya kazi tu."

Nilisema hivyo huku ameshika isale langu. Koti lilikuwa limening'inia kwenye msumari. Hakuwahi kulivaa, aliniambia, bado lina harufu ya kaka yake. Nikatia mkono ndani, vidole vikagusa nailoni.

Saa nane nilikuwa Moshi kwa Denis. Karatasi ilikuwa imeshika unyevu kwenye mkunjo na nambari mbili hazikusomeka vizuri. Tatu au nane? Moja au saba? Akaandika, ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni.

"Usiniangalie hivyo, mama, nakosea," akasema.

Nikageukia ukuta nikasali Salamu Maria. Nilikuwa bado naisali nikasikia, "Imekubali!"

Nilipiga kigelegele, watu wa duka la jirani wakaja kuchungulia. Denis akatafuta kati ya ramani za Remigius, akaipata sauti, akaongeza spika. Na kweli, akatoka mzee Kornel, na kikohozi chake kile kile.

"Remigi," alisema, "sikiliza. Shamba la Kahe nilishakupa, ni lako. Nyumba hii na kihamba ni vya Sirili. Ni mziwanda wangu. Mwiteni aje nimwambie mbele yenu. Mbona haji?"

Ikasikika sauti ya mume wangu: "Nitamwita, baba."

Hakumwita. Mimi nilikuwepo mle ndani miezi yote ile, hakumwita hata siku moja. Na shamba la Kahe alikuwa ameshaliuza. Kumbe aliifunga ile sauti ili pasiwe na wa kuisikia, hata mimi.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Denis alikuwa ameinamisha kichwa, kijana wa watu, hajui aangalie wapi.

"Nikuchomee CD, mama," akauliza taratibu, "au niifute?"

Nitasema ukweli: nilitaka kusema futa. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Sirili ameshaacha madai, nani angejua? Nikawafikiria Monica na Justina. Halafu nikakumbuka lile koti kwenye msumari.

"Choma," nikasema.

Jumamosi ukoo ulikaa uani kwetu. Sirili alikuja amevaa lile koti, kwa mara ya kwanza. Akasimama aseme neno lake, nikamtangulia. Nilikuwa nimechuma isale jingine.

"Lile la jana lilikuwa la uongo," nikamwambia. "Nilifuata karatasi mfukoni mwako. Mwongo ni mimi. Pokea hili, na kama hutaki, usipokee."

Nikampa mzee Primus CD. Tuliisikiliza kwenye redio ya Monica, mpaka pale mzee anapouliza mbona haji. Sirili alijifunika uso kwa kola ya koti.

"Basi," mzee Primus akasema. "Mzee Kornel ameshasema mwenyewe. Nyumba ni ya Sirili."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu moyoni: vitanda viwili, sufuria, ng'ombe nitamwacha kwa nani.

"Ni yangu?" Sirili akauliza.

"Ni yako."

"Wote mmesikia kwamba sikusema uongo?"

"Tumesikia," wakaitikia.

Akaninyooshea mkono, akalichukua isale. "Basi katika nyumba yangu watakaa shemeji yangu na watoto wa kaka yangu," akasema. "Mimi nitajenga upande wa chini."

Nikaingia jikoni ambako mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa inawasubiri wazee, nikachota kata ya kwanza, ile ya mkubwa wa ukoo, nikampita mzee Primus, nikampelekea Sirili, mwenye nyumba.