Lebo za Ziada

Pale mochwari walimwita Mama Ziada, na jina lilimkaa. Kila marehemu alihitaji lebo mbili, moja mguuni na moja juu ya mfuko. Yeye alichapa tatu. Ya ziada aliibandika ukingoni mwa meza, kwa sababu chumba cha baridi kina unyevu na lebo za bei ya kutupa haziishi kubanduka. Mhudumu akikuta mfuko uko uchi, anapita mezani, anachukua, anabandika. Miaka nenda miaka rudi kazi ilikwenda hivyo, na wakubwa wakaiona ni akili.

Siku lori lilipomuua mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, wenzake walimsihi akae pembeni. Akagoma. Aliingiza taarifa zake kwenye kompyuta kwa mkono wake mwenyewe, akabonyeza kuchapa. Printa kimya. Akabonyeza tena, na tena, machozi yakimtoka, kumbe karatasi zimekwisha. Mhudumu alipoweka rola mpya, mashine ikatapika jina la kijana yule mkanda mzima.

Lebo mbili zikaenda kwa mwenyewe. Zilizobaki zilikuwa za kutupa, lakini kulitia jina la mdogo wake kwenye pipa la taka, moyo ulikataa katakata. Akazibandika ukingoni mwa meza, akaenda nyumbani kulia na wenziwe.

Siku ya mazishi alirudi na baba yao mkubwa kuchukua mwili. Mhudumu akavuta mfuko. Mama Ziada akachapa ripoti ya kutolea mwili, akailinganisha na lebo, herufi kwa herufi. Zingekosaje kulingana, na zote zimetoka tumbo moja, la kompyuta ileile?

"Mfuko usifunguliwe," baba mkubwa alisema. "Mama yenu asije akamwona alivyoharibika."

Hakuna aliyebisha. Wakaenda, wakazika.

Aliporudi kazini alimkuta bibi mmoja benchini, amekuja kumchukua mumewe. Kompyuta ilisema mzee yupo. Mhudumu akazunguka rafu zote, akatoka mikono mitupu, uso umemshuka.

"Mzee simwoni. Lakini kuna mfuko una jina la mdogo wako."

"Acha utani."

"Dada, nitataniaje na hili?"

Aliingia mwenyewe, akafungua zipu. Sura haikutambulika tena, ila kwenye goti lilikuwepo kovu alilolipata utotoni kwa kuanguka na baiskeli, dada mtu ndiye aliyekuwa akiisukuma. Akafunga zipu polepole.

"Lebo ya mzee ilibanduka," mhudumu alisema nyuma yake. "Nikachukua ya mezani kama siku zote. Wala sikusoma."

Amlaumu vipi? Yeye ndiye aliyemzoesha. Alijichukia mpaka mate yakawa machungu.

Akaenda kukaa benchini, kando ya bibi.

"Mume wangu yuko wapi, mwanangu?"

"Tumemzika sisi, bibi. Tulidhani ni wetu. Nisamehe."

Bibi hakupiga kelele. Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Watu walikuja?"

"Walikuja wengi."

"Walimlilia?"

"Sana, bibi."

"Basi nirudishieni, na mimi nimlilie."

Kaburi lisingefukuliwa bila mama kuambiwa. Mama Ziada akatoka uani na simu. Aliyepokea ni shangazi, akamwambia kwa kunong'ona kwamba mama ndiyo kwanza amepata usingizi tangu msiba uingie.

"Mwamshe," alisema.

Mama alipokuja, sauti ilikuwa imekauka.

"Mama, kaa kwanza. Yule tuliyemzika si mwanao, tumekosea. Mwanao yuko hapa, nimemwona kwa macho yangu."

Mama akacheka, kicheko chepesi cha msichana, na shangazi akasikika nyuma yake akiuliza kuna nini.

"Kumbe mzima!" mama alisema. "Mpe simu, niongee naye."