Kisu cha Mkono Wenye Mafuta

Kwa miaka sita dada mmoja alikuwa akiosha utumbo pale machinjioni, na kwa miaka yote sita roho yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa wachunaji wa ngozi. Alikuwa ameshajaribiwa mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda na kisu cha kukunja, kikamfungia kidole katikati ya kazi. Mara ya pili aliazima kisu cha kaka yake, kirefu, chenye ncha kali, akaitoboa ngozi mahali patatu. Nyapara alimwambia bila kuzunguka: Jumatatu atampa nafasi ya tatu, na akishindwa asimsumbue tena maishani. Basi Jumamosi dada akaomba ruhusa, akaenda kununua kisu chake mwenyewe.

Kaka yake akajipeleka naye. Alikuwa mchunaji wa miaka kumi na moja, na ni mtu wa kukupa ushauri hata ukiwa usingizini.

"Mdogo wangu, kisu ni urefu," alisema njiani. "Ukikishika tu, ng'ombe mwenyewe anakuheshimu."

"Ng'ombe ameshakufa, kaka. Heshima yake nitaipeleka wapi?"

Duka la vifaa lilikuwa finyu, limejaa ndoo, kamba na misumari, na visu vilikaa ndani ya kabati la kioo. Mwenye duka aliposikia neno machinjio akatoa kimoja kinachong'aa, mpini wa plastiki nyeusi, ncha ya kutisha. Kaka akapiga mluzi.

Dada alikilaza juu ya kidole kimoja, pale mpini unapokutana na chuma. Kikainama mbele. Kizito kichwani, akichuna ng'ombe wanne, kiwiko kimekwisha. Akauliza msuka, ile sehemu ya chuma inayozama ndani ya mpini, umefika wapi.

"Umefika mbali, dada."

"Mbali wapi?"

"Mbali tu."

Akakirudisha. Alikwisha kuona wanaume wawili wakibaki na mpini mtupu mkononi, chuma kimekatikia kwenye mfupa, na wote wawili waliambiwa hivyohivyo dukani.

Cha pili kilikuwa afadhali. Chuma kilionekana kimepita mpaka mwisho wa mpini, kimebanwa na mbao mbili zilizopakwa vanishi. Dada akaomba maji kidogo. Mwenye duka, akidhani mteja ana kiu, akamletea bilauri. Dada akayamwaga viganjani, kisha akatoa mfukoni kipande cha mafuta ya ng'ombe kilichofungwa kwenye nailoni, akajipaka mikono yote miwili.

"Dada, vipi tena? Hapa si jikoni!"

"Na kazi yangu si ya mikono mikavu, bwana. Kule kila ninachoshika kimelowa. Nikikijaribu hivihivi nitakuwa nimejidanganya mwenyewe, nije nikulaumu wewe bure."

Akakamata mpini, akavuta. Ukamponyoka kama sabuni. Kaka akatoka nje, akajifanya anapigiwa simu. Aibu ilikuwa imemshika mpaka masikioni.

Cha tatu kikateleza. Cha nne kikateleza. Mwenye duka akashika kiuno.

"Unavipaka vyote, nitamuuzia nani?"

"Nitakufutia vyote. Na hicho kilichoko chini kabisa, nyuma ya makufuli?"

Kilikuwa na vumbi. Kifupi, kipana, ncha yake ya mviringo imepandishwa juu kidogo, mpini wa mbao isiyong'arishwa, chuma kimepita kote, na mbele kuna ukingo wa kuzuia kidole kisikimbilie kwenye makali. Dada akakibana kwa mkono wake wenye mafuta. Akavuta, akasokota, akasukuma. Kilitulia. Akarudia mara ya pili na ya tatu, na furaha ikampanda ghafla hata akaogopa kucheka mbele za watu.

Kaka alirudi, akakiona. "Hicho? Hicho ni cha kupakia siagi! Watakucheka."

"Wamenicheka miaka sita, sijapungua hata kilo moja. Ncha butu haitoboi. Ninachukua hiki."

Kabla ya kuondoka alifuta visu vyote, vikatakata kuliko alivyovikuta. Jumapili nzima akakaa na kinoo.

Jumatatu wakacheka, kama alivyoambiwa. Ng'ombe alikuwa amening'inia kwenye kulabu, wachunaji sita wamesimama kando. Dada aliogopa, tena sana. Akaanza hivyohivyo na woga wake. Alipasua mguuni, akaingiza kisu chini ya ngozi, akaacha ile ncha ya mviringo itafute njia. Alipofika ubavuni, ambako ngozi ni nyembamba na ndiko alikotoboa mara ile, mikono ilikuwa inachuruzika mafuta. Vidole viliteleza juu ya nyama na juu ya ngozi. Juu ya mpini havikuteleza. Akapunguza mwendo, akauma meno, akaendelea.

Ngozi ilipoanguka, nyapara akaamuru watu wawili waitandaze mbele ya dirisha. Tundu hata la ukubwa wa punje ya mtama lingeonyesha mwanga. Akaipitia kuanzia shingoni, taratibu, pua yake karibu kuigusa. Alipomaliza upande mmoja, akaigeuza, akaanza upya.

"Kisu hiki," akasema mwishowe, "nani alikuchagulia?"

Kaka akakohoa, akanyoosha kola.

"Nilijichagulia," dada akajibu.

"Haya. Kesho saa kumi na mbili uwe kwenye mstari."

Machozi yalimjia, naye hakuyaficha. Akafuta kisu kwenye aproni, akatazama mwisho wa mstari, ambako ng'ombe mwingine alikuwa ananing'inia peke yake.

"Kwa nini kesho?" akauliza. "Yule pale hana mtu."

Akaenda, na wanaume wakasogea kumpisha.