Gesi Iliyolala

Mume wangu Talha alijaza sufi kwenye magodoro ya watu miaka kumi na tisa, hapa hapa Kinondoni, mpaka kifua kikakataa. Kufika mwaka wa tisini na saba, akivuka ua kwenda chooni alipumzika njiani mara mbili. Tukapiga eksirei: mapafu safi. Tukapiga nyingine: safi. Daktari akaniambia, "Mama, labda ana mawazo." Nilitamani nimvike yeye kifua kile, hata kwa siku moja.

Ndipo ikaja barua ya shemeji yangu Abdulrahman, fundi wa maabara huko Marekani. Kuna picha mpya, aliandika. Mgonjwa analazwa ndani ya mashine ya sumaku, anavuta pumzi moja ya gesi ya heliamu iliyoamshwa kwa mwanga wa leza, anaibana sekunde kumi. Inapofika gesi panang'aa, isipofika panabaki peusi. Hapo ugonjwa hauna pa kujificha.

Talha akaisoma, akasema, "Nihesabie."

Kuanzia hapo, kila baada ya sala ya alfajiri alikaa mkekani akabana pumzi, nami nikahesabu. Siku ya kwanza aliishia nne. Mungu anisamehe, nikaanza kuhesabu harakaharaka, na mwezi ulipoisha akafika kumi. Alifurahi kama mtu aliyepona.

Nikaenda posta kupiga simu.

"Shikamoo, shemeji," alisema Abdulrahman.

"Marahaba. Tutumie hiyo gesi, hata chupa moja."

"Haisafiri, shemeji. Ikishaamshwa haikawii kulala. Ikifika Dar ni kiporo. Na mashine ya kuipigia picha huko hakuna."

"Basi mchukue kaka yako."

"Nimeomba. Madaktari wa huku wanasema hawezi kuhimili safari."

"Basi nitumie hiyohiyo iliyolala. Mie nitaiamsha."

Hakucheka. Nilimsikia akilia, nikakata simu. Nilichoka hata kumbembeleza.

Asubuhi iliyofuata Talha alikuwa keshakaa mkekani.

"Amesemaje?"

"Inakuja," nikamwambia.

Akanitazama kidogo. "Haya, hesabu. Ila leo usikimbize, mama Najma. Nimejua siku nyingi."

Nikaona haya, nikahesabu kwa haki. Moja. Mbili. Kwenye tatu akaachia.