Sauti ya Onyo

Mume wangu hajawahi kurusha ndege. Majirani walimwita Rubani wa Sebuleni, naye hakujali, maana marubani wanafunzi walikuja kujifunza kwenye mashine aliyoiunda uani kwetu kwa mabati, kiti cha gari bovu na skrini tatu za televisheni. Ukikaa ndani, kiti kinayumba, mawingu yanakujia usoni, na utashikilia kiti hata kama unajua hujaondoka chini. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Akili alikuwa nayo, ila ubishi uliizidi.

Sauti ya onyo katika mashine ile ni yangu. Aliegemeza godoro mlangoni kuzuia kelele, akanisogezea kinasa sauti.

"Sema kama unavyonigombeza mimi," akaniambia.

Nikasema, "Unashuka. Panda juu."

Mwanafunzi akiisikia tu anavuta usukani. Nilikuwa nikianua nguo uani, nasikia nikitiiwa na watu nisiowajua. Kisha naingia ndani kumkumbusha mume wangu bomba la jikoni linalovuja, na kwake hizo ni kelele za mlango.

Anga ikamchosha, akahamia baharini. Akaunda nyambizi ndogo ya watu wawili, na wa pili akawa mdogo wangu, fundi umeme, aliyemwamini shemeji yake kupita kiasi. Nilikataa katakata.

"Dada, basi tuwekee sauti na humo," mdogo wangu akanibembeleza. "Ukisema turudi, tutarudi."

Godoro likaegemezwa tena. "Mwisho wenu hapo. Rudini juu." Safari hii nilisema kwa upole, kwa ajili yake.

Siku ya jaribio mdogo wangu aliamka na mafua. Nikasema waahirishe. Nani anisikilize? Nikabaki ufukoni na chupa ya chai.

Walipoibuka, mume wangu alitoka kwanza, amelowa chapachapa, anatetemeka na kucheka, akisema wamepita kina alichokusudia. Mdogo wangu alitolewa kwa kubebwa, damu ikimtoka masikioni. Kioo cha dirisha la nyambizi kilikuwa kimeachia huko chini, maji yakaingia kwa nguvu na kuibana hewa iliyobaki, naye kwa yale mafua hakuweza kuzibua masikio.

"Sauti yangu haikuwaonya?" nikamuuliza mume wangu.

"Ilituonya. Ilikuwa inarudiarudia, nikaizima. Mtu hawezi kufikiri."

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hawakusema kwamba mbishi atabaki na masikio yake mazima, yafe ya mwenzake.

Daktari alisema hayatapona. Mdogo wangu sasa anaishi kwetu, na mume wangu amerudi kwenye ndege zake za uani. Nilimwambia aitoe sauti yangu humo.

"Haiwezekani," akasema. "Wanafunzi wameizoea. Wataanguka."

Utadhani kuna aliyewahi kuvunjika mguu kwa kuanguka uani kwetu. Namchukia, na bado nampakulia chakula.

Jana spika ya mashine iliharibika. Mdogo wangu akaifungua, akaunga waya, akawasha, kisha akaweka kiganja juu yake na kunitazama.

"Dada, unasema?" akauliza, kwa sauti kubwa kama wanavyofanya wasioisikia sauti yao wenyewe.

Spika ilikuwa inasema panda juu, panda juu. Nikamwitikia kwa kichwa, naye akarudisha kifuniko na kukaza skrubu.