Alama za Koleo

"Nimesema na narudia, Mwalimu: unaendesha handibreki ikiwa juu. Breki haijikamati yenyewe."

"Nami nimesema niliishusha. Niliishusha, nikaangalia mara mbili."

"Mara mbili? Mwenye uhakika huangalia mara moja."

Walisimama kwenye mdomo wa uchochoro wetu, Fundi upande huu wa gari, Mwalimu upande ule, na gari limeziba njia ya nyumba nne. Fundi ndiyo kwanza alikuwa anatoka gereji, begi la spana bado begani. Mwalimu alikuwa anamrudisha mama yake kutoka hospitali, anakosafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, tangu mwaka jana. Mama tulishamwingiza ndani, tumemshika huku na huku. Wawili hawa hata hasira zao zilikuwa zimechoka. Waligombana kama watu wanaokunja shuka moja.

Mimi nilikuwa kwenye ngazi zangu nachambua mchele. Na niseme mapema: lile neno la handibreki nililitia miguu mimi. Fundi alilisema wiki tatu nyuma, amekaa barazani na kikombe chake, baada ya kusikia tu kwamba gari la Mwalimu linanuka kuungua. Hakuinuka kuliangalia. Mimi nikalifikisha dukani, nalo likatoka dukani likiwa limenenepa, mpaka likamfikia kaka yake Mwalimu: dada yako anasahau mambo, ipo siku atamuua mama barabarani. Kaka akapiga simu. Jumapili anakuja kumchukua mama akaishi kwake, mji mwingine.

"Labda ni kweli," Mwalimu alisema, akaegemea mlango wa gari. "Jana nilitia chumvi kwenye chai. Labda nasahau, Fundi. Shika ufunguo, mimi nimeshindwa."

Fundi alizoea kubishiwa. Hakuzoea kukabidhiwa ufunguo. Akashusha begi.

"Lilianzaje?"

"Likawa linavuta kushoto. Likawa zito. Lilipofika hapa likagoma."

Akazunguka gari, akisogeza mgongo wa kiganja kwenye kila rimu. Magurudumu ya nyuma yalikuwa ya baridi. La mbele kulia, vuguvugu. La mbele kushoto, aliurudisha mkono kama aliyegusa kikaango.

"Handibreki ya gari hili inashika nyuma," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo, shemeji, chambua mchele."

Akapiga jeki, akalitoa lile gurudumu. Diski ya breki haikuzunguka hata kwa mikono miwili.

"Ama kalipa imeganda, hii inayoibana diski," alimwambia Mwalimu, "ama mafuta ya breki yameingia yakakosa njia ya kurudi. Tuyaulize yenyewe."

Akalegeza kwanza maungio ya juu, pale bomba la chuma linapokutana na mpira wa kupitisha mafuta. Matone machache. Diski haikusogea. Akayakaza. Akalegeza kiskurubu cha kutolea hewa, chini kwenye kalipa yenyewe, mafuta yakaruka mpaka kwenye shati lake. Akaizungusha diski kwa kidole kimoja. Ikazunguka.

"Kalipa ni nzima. Juu nimelegeza haikuachia, chini imeachia. Kilichoziba kiko katikati, kwenye mpira."

Akaufungua mpira, akauinua kwenye mwanga. Ubavuni ulikuwa na alama, kama umeumwa na mbwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alichukua mwenyewe koleo lake kutoka kwenye begi, akalipachika juu ya zile alama. Meno yakaingia kila moja mahali pake.

"Nilipokubadilishia pedi za breki niliubana mpira huu, mafuta yasimwagike," alisema. "Lilikuwa gari la sita siku hiyo. Sikuweka hata kitambaa. Umeumia kwa ndani: ukikanyaga, mafuta yanapita, ukiachia, hayarudi. Si wewe, Mwalimu. Ni mkono wangu."

Mwalimu akakaa juu ya gurudumu lililolala chini.

"Niliangalia mara mbili," akasema.

"Uliangalia."

Fundi akaenda duka la vipuri kabla halijafungwa, akarudi na mpira mpya. Mimi ndiye niliyekaa kwenye usukani kumsaidia kutoa hewa kwenye breki. "Kanyaga. Shika hapohapo. Achia." Mguu wangu ulikufa ganzi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuongeza neno. Gari likaingia uchochoroni, jepesi.

"Nipe namba ya kaka yako," Fundi akasema.

Aliongea naye ametugeuzia mgongo. "Mimi ndiye fundi. Ile habari ya handibreki niliisema bila kuinuka kwenye kiti. Dada yako hana kosa." Kisha akaninyooshea simu. "Zamu yako, shemeji."

Nikasema yangu. Kuyatoa kulinichukua muda mrefu kuliko kuyasambaza. Kaka akasema Jumapili atakuja, lakini kuwasalimia tu.

Fundi akaanza kukusanya spana, macho chini, aondoke kimyakimya. Dirishani kukatoka sauti ya mama yake Mwalimu, nyembamba, imechoka kuliko sisi sote.

"Huyo fundi bado yupo?"

"Yupo, mama."

"Basi anawe mikono aingie, leo anakula kwetu. Na yule redio ya mtaa pale ngazini aje na mchele wake. Wa kwetu hautoshi."